Walivyomsafisha Yoakimu

Zita hakuwahi kuwa na picha ya mume wake. Niseme hilo kwanza, maana vijana wa siku hizi wanapiga picha hata sahani ya wali kabla hawajala, hawawezi kuelewa mtu anaolewaje, anamzalia mwanamume, halafu akifumba macho uso haupati. Ndivyo ilivyokuwa. Mpiga picha alikuwa Mbulu mjini, na mtu wa Masieda, kijiji chetu, hakutembea mpaka Mbulu kwenda kupigwa picha labda awe mwalimu au mwizi.

Kitu alichokuwa nacho Zita ni sinema.

Watu wa sinema walikuja miaka ile tulipokuwa tunahamishiwa kwenye vijiji. Wazungu kidogo, Watanzania wa Dar kidogo. Walitaka mlima, vumbi na ng'ombe. Hadithi yenyewe ilikuwa ya ukame, msichana anazunguka anatafuta maji, na mimi niliona upuuzi kwa sababu huyo mwenye kiu alikuwa amevaa viatu vizuri kuliko vya padri. Ina jina lake la kizungu. Sisi tunaiita Sinema ya Ng'ombe mpaka leo. Wasomi wanasema ni kitu kikubwa, inafundishwa vyuoni. Sawa. Ng'ombe walikuwa wa Yoakimu, mume wa Zita, na sijasikia chuo kilichomwuliza Yoakimu.

Haukupita muda mrefu tangu watu wa sinema waondoke, maksai wawili wa Yoakimu wakapotea. Akashuka bonde la Yaeda kuwafuata, hakurudi. Zita alikuwa na mimba ya Evaline. Wanaume wakatafuta, hawakupata mtu, hawakupata fimbo, hawakupata hata kandambili. Wengine wakasema simba. Wengine, wale wenye midomo kama shimo la panya, wakasema ameoa Gendabi huko Hanang, anakunywa maziwa ya mwanamke mwingine. Zita akaenda Gendabi na tumbo lake, akauliza kwa wakulima, akauliza kwa wafugaji, akalala kwa watu asiowajua. Akarudi miguu imevimba, akajifungua.

Padri akasema tumsomee Yoakimu misa ya marehemu. Zita akamjibu, "Nani amemwona amekufa?" Wazee wa ukoo wakasema basi akae na mdogo wa Yoakimu. Akakataa. Wakaja wengine kumposa, akakataa. Alikuwa mzuri, hilo nakubali, ingawa hajawahi kunisikia nikilisema.

Halafu likaja gari la sinema, limeleta ile ile ya ng'ombe wetu. Lilisimama uwanja wa mpira, wakafunga shuka jeupe, watu wakakaa chini kwenye baridi. Kuna mahali msichana ameanguka, hana nguvu, na juu ya kilima anatokea mtu amejifunga blanketi jeusi. Yuko mbali. Ng'ombe wanapita pembeni yake wanashuka, na unasikia mtu anawaita. Sauti inapanda, inavutwa, inakatika, halafu mluzi mfupi. Begani kwa yule mtu kuna doa jeupe.

Zita akasimama na mtoto mgongoni. Akasema, "Yoakimu." Hakupiga kelele. Alisema kama unavyosema mtu akiingia mlangoni.

Lile doa kila mtu alilijua. Blanketi la Yoakimu lilitoboka begani, Zita akashona kiraka cha gunia la unga, na wanawake tulimcheka kwamba amemfanya mume wake awe mfuko wa posho. Kwetu mtu unamjua kwa blanketi. Akiwa ng'ambo ya korongo huoni pua, unaona blanketi, unasema yule fulani, unaanza kuwasha moto. Basi tukasema ni yeye.

Tangu siku hiyo Zita akawa na mume siku moja kwa mwaka. Parokia ilipata mkanda wa hiyo sinema, na deki, na jenereta, na kila Krismasi baada ya misa padri alituonyesha. Zita alikaa mbele. Mkanda ulichoka jinsi miaka ilivyokwenda. Picha ikajaa chenga, mistari ikapita, rangi zikawa kama maji ya kuoshea vyombo. Sauti ikakauka kama ya mgonjwa. Zita hakujali.

"Yule baba yako," alimwambia Evaline. "Msikie anavyoita."

"Mbona hana uso?" mtoto akauliza.

"Yuko mbali. Siku akikaribia utamwona."

Nilikuwepo. Mume wangu Nicodemo naye alikuwepo, amekaa kati yangu na Zita, anavuta ugoro. Nicodemo alifanya kazi na watu wa sinema siku ile walipopiga kile kilima. Alisema yeye alikuwa nyuma ya kilima, anawashika ng'ombe wa mwisho wasitawanyike. Alisema hivyo mwaka hadi mwaka mpaka pombe ikamaliza ini lake tukamzika. Sikumwuliza zaidi. Mwanamume akishasema alikuwa nyuma ya kilima, utamwuliza nini.

Deki ikafa. Padri akahamishwa. Aliyekuja alipenda kwaya, hakupenda sinema. Zita akabaki na kumbukumbu, na ile sauti. Jioni ng'ombe wake mmoja akichelewa, Zita alisimama nyuma ya nyumba akaita vile vile, akapandisha, akavuta, akakata, na mluzi. Alisema ndivyo alivyoita Yoakimu. Tukazoea. Jua linazama, Zita anaita, tunajua ni saa ya kusonga ugali.

Evaline alikua, akaenda Arusha, yuko jikoni kwenye hoteli. Mama wa watu wazima sasa. Na huko hotelini akaja mgeni mzungu, wakaongea, akamwambia ile sinema ya kwenu wameitengeneza upya huko Ulaya. Akamtumia diski. Evaline akaja nayo wiki moja kabla ya Pasaka, na televisheni bapa pana kama mlango, na mashine yake, na spika mbili, vyote amevifunga kwenye mablanketi juu ya basi. Alikuwa na furaha, masikini. Alinipitia nyumbani kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umehamia?"

"Nimemletea mama zawadi. Mama Lameck, wameisafisha. Wameichukua ile yenyewe ya kwanza, wametoa mikwaruzo yote. Mtaona mpaka jasho. Na sauti, utafikiri wako chumbani." Akalikaza fundo la blanketi. "Nitamwona baba."

Huyu ni mwanamke ana wajukuu. Alisema hivyo kama mtoto anayesubiri kipaimara.

Zita alioga katikati ya mchana. Akavaa kitenge alichotunza kwa ajili ya kuzikwa. Akajipaka mafuta usoni, akaniuliza kama anaonekana mzee sana, nikamwambia anaonekana kama magome, akacheka. Sikumwona akicheka hivyo tangu tulipokuwa wasichana. Alimwalika na mzee Tadeo, katekista, ambaye ndiye alikuwa mkalimani wa wale wazungu. Tadeo akatuma neno kwamba mguu unamsumbua. Huo mguu ulimpeleka gulioni jana yake na ukamrudisha.

Tukafunika dirisha kwa blanketi. Evaline akawasha.

Sitasema uongo, ilikuwa nzuri kiasi cha kuudhi. Niliona vumbi chembe moja moja. Niliona mlima wetu ulivyokuwa una miti. Niliona watu waliokwisha oza wakitafuna, Mungu anisamehe, na meno yao yote, na mmoja anajikuna kwapa. Yule msichana wa kiu alimeza mate tukasikia kooni. Inzi akapita kwenye spika ya kushoto akatokea kulia, mimi nikampunga.

"Mnaona?" Evaline akasema. "Mnaona ilivyo safi?"

"Nyamaza," mama yake akasema. "Anakuja."

Kilima kikatokea. Mtu akapanda kutoka nyuma yake. Blanketi jeusi. Kiraka hakikuwa doa tena, kilikuwa kiraka, chenye pembe nne, na mistari ya buluu ya gunia, na uzi mnene.

"Ule ni mkono wangu," Zita akasema polepole. "Uzi wa katani. Nilikosa mweusi."

Evaline akaisimamisha. Akashuka kwenye kiti, akaenda kwa magoti mpaka karibu na televisheni, akashika pua yake mwenyewe kwa vidole viwili, ili alinganishe. Alijiandaa hivyo. Halafu akabonyeza, iende taratibu, na yule mtu akageuza kichwa.

Sikio la kushoto halikuwa na nusu ya juu.

Sikio hilo lililiwa na seng'enge kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, kabla sijaolewa. Nimelala pembeni ya hilo sikio maisha yangu. Nimelifunika kwa pamba nikalizika.

"Ndiye?" Evaline akauliza, bado ameshika pua. "Mama? Ndiye huyu? Mbona sifanani naye?"

Zita akageuka kwenye kiti, akaniangalia mimi.

"Mama Lameck," Zita akasema. "Huyo ni wako."

"Ni wangu," nikasema.

"Blanketi ni langu."

"Ni lako."

Evaline akaachia pua. Aliangalia televisheni, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake. Nicodemo naye alituangalia sote kutoka kilimani, kijana, mzuri, macho makavu, mdomo umefungwa. Sikujua kama alikuwa na kope ndefu hivyo. Nilimwonea hasira mpaka na kope zake.

Zita hakulia. Nilijua anafikiri, anapofikiri anakunja kona ya kitenge. Akasema, "Kama Nicodemo alikuwa juu, nyuma ya kilima alikuwa nani? Wale ni ng'ombe wa Yoakimu. Nicodemo angewaita wangemkimbia."

Hapo ndipo tulipotakiwa kufika zamani sote, kijiji kizima, watu tuliozaliwa kwenye zizi. Ng'ombe hamfuati mgeni. Mtoto anayechunga anajua. Tuliangalia kiraka Krismasi zote zile, hakuna aliyeangalia ng'ombe.

"Basi aliyeita ni yeye," Zita akasema. Na Zita uso ukamchangamka tena, nawaambia, ukachangamka kabisa. "Uso hakuna, sawa. Sauti ni yeye. Weka mbele, Evaline. Mwache aite."

Evaline akaweka. Ng'ombe wakashuka. Tulisikia kwato, tena vizuri, jiwe likiviringika. Tukasikia upepo kidogo. Halafu vikaanza vinanda. Vinanda, na kitu kama zeze linalolia, laini, linatoka spika zote mbili. Msichana akainua kichwa. Ng'ombe wakapita. Vinanda vikaisha.

"Rudisha," Zita akasema.

Akarudisha. Kwato, jiwe, vinanda.

"Ongeza sauti."

Akaongeza mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Vinanda vikawa vikubwa tu.

"Rudisha."

"Mama."

"Rudisha, nimesema."

Mwishowe Evaline alichukua boksi la diski, akasoma nyuma, anasoma kizungu kimya kimya kisha anatuambia. Walisafisha sauti yote. Wametoa mikwaruzo, wametoa upepo uliozidi, wametoa sauti za watu waliokuwa nje ya picha. Muziki wamepiga upya. Akasema, "Wameandika wametoa sauti zisizohitajika."

"Zisizohitajika na nani?" Zita akauliza.

Evaline akaligeuza boksi kama jibu liko upande wa pili. Mimi ningekuwa nalo, lakini lisingesaidia.

Tukaenda kwa Tadeo jioni ile ile, jua bado lipo. Alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi, mguu wake umekunjwa vizuri chini ya kigoda.

"Shikamoo katekista," Zita akasema.

"Marahaba. Nilijua mtakuja."

"Ulijua na nini kingine?"

Akaweka gunzi chini. Akasema siku ile Nicodemo alikuja kazini amevaa koti la kaki, la mashambani. Wazungu hawakutaka koti, walitaka mtu wa blanketi. Yoakimu ndiye alipangiwa kusimama juu, na alisimama, lakini ng'ombe walikuwa chini nyuma, wakakataa kupanda, wanazunguka tu, maana hawakusikia mtu wao. Yoakimu akaona wanampotezea siku. Akavua blanketi, akampa Nicodemo, akashuka nyuma kuita.

"Nilitafsiri mimi," Tadeo akasema. "Yule mzungu mkubwa alisema, mwambie huyo wa nyuma hataonekana. Nikamwambia. Yoakimu akasema hana neno."

"Na wewe ukakaa na hilo," nikamwambia, "huku unagawa komunyo."

"Mama Lameck, ile siku ya uwanjani, alivyosema Yoakimu, ungeweza kusimama ukamwambia siye? Nilimwangalia Nicodemo. Nilifikiri atasema yeye. Ni sura yake."

"Alikuwa mwoga," nikasema. "Na wewe ni mwoga wa pili. Yeye ana udhuru, amekufa."

Zita hakutaka ugomvi wetu. Alikuja kwa jambo lingine.

"Mkanda wa padri uko wapi?" akauliza. "Ule wa zamani. Wenye chenga. Evaline atatafuta deki Arusha. Sitaki picha. Nataka pale anapoita tu."

Tadeo akashika gunzi tena, akaligeuza. Aliongea akiliangalia gunzi.

"Zita, mwaka ule wa ndege. Mtama ulikuwa unaliwa. Kabati la parokia lilikuwa limejaa mikanda haina kazi, deki ilishakufa. Mlikuja wenyewe."

Tulikuja, ni kweli. Kila mtu mwenye akili alikuja. Ule utepe mweusi wa ndani ukiuvuta ukaufunga mti kwa mti juu ya mtama, upepo ukipita unalia na kumetameta, ndege wanaogopa. Tulivuta mikanda yote, ya sinema, ya harusi, ya upadrisho, nani alisoma jina. Mashamba yote ya Masieda yalilia mwaka ule.

"Ulimpa nani ule?" Zita akauliza.

"Niliukata vipande, nikagawa. Na wewe nilikukatia."

Zita akaitikia kwa kichwa. Akasema asante, katekista. Mimi nisingesema.

Tulipofika kwake hakuingia ndani. Alizunguka mpaka kwenye ua wa minyaa chini ya shamba, Evaline nyuma yake, mimi nyuma ya Evaline nikilalamika magoti. Kulikuwa na kipande kimenasa, urefu wa mkono, kimepauka kwa jua, kinatetemeka. Nikamwambia asikiguse, kitakatika. Akakigusa. Kikakatika, kikabaki kama majivu kwenye vidole.

Hapo Evaline ndipo akaanza kulia, na akilia analia vibaya, kwa kwikwi. "Niambie tu alivyoita," akasema. "Niitie mama. Kama unavyoita jioni."

Zita akavuta pumzi. Akaita. Akapandisha, akavuta, akakata, mluzi.

Ningenyamaza angelala na hiyo. Lakini nina masikio, na mdomo wangu haukai. Nikasema, "Haikukatika pale. Alivuta tena mara ya pili."

"Mara ya pili wapi?"

Nikaita mimi. Zita akasema hapana, hiyo ni Nicodemo unaita. Nikaita tena, na kweli, ilikuwa ya Nicodemo, ile aliyokuwa anaitia mbwa akitoka kilabuni. Zita akajaribu tena, ikatoka nyingine kuliko ya kwanza. Akajaribu. Nyingine tena. Alisimama pale amefungua mdomo, mwanamke aliyeita hivyo kila jioni bila kufikiri, na sasa alipofikiri hakujua ipi ya Yoakimu, ipi ya kwake mwenyewe, ipi ya mkanda uliochoka.

"Acha, mama," Evaline akasema. "Basi, acha."

Jumapili ya baada ya Pasaka walisoma misa ya marehemu kwa Yoakimu. Zita ndiye aliyeomba. Alikaa nyuma, si mbele. Hakuna aliyemwona amekufa mpaka leo, lakini hakuuliza tena nani amemwona.

Evaline alirudi Arusha. Kabla hajapanda basi akaniambia anaweza kuitoa ile sura ya Nicodemo ikawa picha ya ukutani, kubwa, safi. Alisema, "Angalau wewe umepata." Sikumpiga kwa sababu ni mtoto wa mwenzangu. Nilimwambia amwache huko huko kilimani, amezoea kusimama mahali pa mtu mwingine. Watu wanasema wafu wasamehewe. Wasamehe wao. Kaburi lake mwaka huu sikulipalilia, na mwakani magugu yakimeza msalaba nitawaonyesha watu njia ya kupita.

Televisheni ipo kwa Zita. Ameifunika kwa lile blanketi la dirishani, ameweka juu yake kibuyu cha maziwa.

Jioni namwona kutoka kwangu. Ng'ombe akichelewa haiti. Anachukua fimbo, anashuka mwenyewe mpaka korongoni, anamswaga kimya kimya mpaka zizini. Inamchukua muda mrefu, magoti yake si mazuri kuliko yangu. Na sisi siku hizi tunachelewa kusonga ugali.